Ndimu za Upande Wetu

Mti ni wa Truphosa, hilo sibishi.
Shina liko kwake, mizizi iko kwake,
hata naibu wa chifu, kalamu sikioni,
alisema hivyo mbele ya watu.
Ila tawi moja halikuhudhuria baraza.
Kila msimu linaruka ua,
linadondosha ndimu kwenye viazi vyangu,
na kilichoanguka, jamani, kimeanguka.

Nimeshika mnyororo wa kupima mashamba
miaka thelathini na mmoja, Luanda hadi Emuhaya,
nikifarakanisha ndugu kwa futi mbili.
Leo napima mafuta kwa kijiko cha dawa ya kikohozi
kwa sababu Perusi yuko Nakuru, binti yetu kajifungua,
na humu jikoni hajui mtu kilipo kitu.

Kuku mwenyewe ni nusu.
Nusu ya pili kaichukua mwalimu Olubayo,
tulichanga bei, na kwa firigisi tukarusha sarafu.
Ilimwangukia yeye. Tuyaache hayo.

"Kwanza mwoshe," Perusi kwenye simu.
"Kwa maji?"
"Sasa kwa nini, kwa chai?
Umchanje hadi mfupa, umpake chumvi,
kitunguu saumu, tangawizi,
kisha umwache. Usimwangalieangalie."
Nikamwacha.
Nikamwangalia.

Pilipili ni zile ndogo zinazotazama juu
kama watoto wa darasa la pili wanaojua jibu.
Nne, alisema. Nikatia saba,
nusu kwa kusahau, nusu kwa ubishi.
Halafu nikajifuta jicho kwa mkono uleule.

Nililia, ndugu zangu.
Nililia nikishikilia ukingo wa meza,
na katikati ya kile kilio cha pilipili
nikamkumbuka marehemu Eliakimu, mume wa Truphosa,
matanga yake mwaka juzi, hatua ishirini kutoka hapa,
mimi nimeketi kitandani, koti nimevaa, viatu nimevaa,
nikisikiliza wanavyoimba
hadi walipomaliza.
Nikavua viatu.

Basi. Ndimu sita, zimekamuliwa.
Chungwa moja la sokoni, lile la ganda kijani,
ili uchachu upate wa kuzungumza naye.
Mbegu nilizitoa kwa uma, moja moja,
sukari kidogo, maji ya kufuta bakuli,
na kuku alipokuwa ameungua pembeni kama ninavyompenda
nikammwagia yote kwa pamoja.
Sufuria ikafoka.

Harufu haikuuliza mpaka uko wapi.
Ilipita juu ya ua kama ina hati yake,
na ng'ambo nikasikia kikohozi,
kikohozi ninachokijua tangu tukiwa majirani wa kuombana chumvi.
Kikakohoa tena. Kikanyamaza.

Saa kumi mvua ikaja juu ya mabati, kama kawaida yake.
Nikala na ugali uliojaa madonge.
Ukali ulitangulia, uchachu ukafuata,
na mwisho kabisa, nikiwa nimeshakata tamaa,
utamu ukafika, umechelewa, umelowa,
kama mgeni aliyepitishwa njia ndefu.

Paja sikuligusa.
Nililitia kwenye bakuli la maua ya buluu,
lile ambalo Perusi haliazimi mtu,
nikalifunika kwa sahani,
nikaenda nalo hadi kwenye ile bikoni ya saruji
niliyoichimbia kwa mikono yangu.
Nikaliweka juu yake.
Nikagonga sahani kwa kijiko mara mbili
nikarudi ndani bila kugeuka,
mzee mzima, moyo unanidunda kama mwizi wa mahindi.

Leo ni Alhamisi. Bakuli halijarudi.
Perusi anakuja Jumamosi na ataliulizia
kabla hajaweka mzigo chini.

Lakini jana usiku ndimu ziliangukia kwetu,
mbili, halafu ya tatu,
na mimi nilikuwa macho,
na hapakuwa na upepo.