Mlango wa Guta la Ndahani

Duka langu liko Majengo, mlango wa bluu,
jirani na wauza alizeti kwa dumu.
Nauza bushi, plagi, beringi, mikanda ya feni.
Sitasema uongo: kodi ya magari inanilisha.

Gari linashuka melini na miaka kumi na tisa mgongoni,
linapigwa ushuru wa forodha, wa bidhaa, wa uchakavu,
kisha ongezeko la thamani linakaa juu ya yote
kama mtungi juu ya kata.
Basi mwalimu wa Nkuhungu hanunui jingine.
Ananiletea lile lile, linakohoa,
nami namvutia kiti.

Kule Kizota, Ndahani Chilongani
aliunda guta la betri la kubebea zabibu za Hombolo.
Bodi la bati la mapipa,
springi kazipinda mwenyewe kwa moto wa mkaa.
Likipita, mbuzi hawageuki.
Watu wakasema, huyu ndiye ushuru unamlinda.
Ni kweli. Ila mota yake nayo ilipita bandarini,
ikatozwa kama mota ya tajiri.

Na tuseme yote: mlango haukufunga.
Aliukaza kwa mpira wa baiskeli.
Miaka mitatu namwambia, "Ndahani, huo mlango."
Miaka mitatu ananijibu,
"Mama Sakalani, kuna lingine la kununua?"
Halikuwapo.

Bajeti moja, ushuru wa vyombo vya betri ukashuka.
Sentensi moja tu, ikasomwa humu humu mjini.
Hakuisikia; alikuwa anachomelea.
Yakaja maguta ya ng'ambo, mekundu,
mlango wake unausukuma kwa kidole, unasema tak.
Ndahani akaenda kuyaona. Hakuuliza bei.
Akafungua, akafunga. Akafungua, akafunga,
hadi muuzaji akamwomba aondoke.

Wateja wanane walimhama, shemeji yake akiwamo.
Vijana wawili akawaachisha kazi.
Mmoja ni Sakalani wangu,
anayelala hadi saa nne siku hizi.
Kwa hiyo usinitake niusifu ushindani
nikiwa nimeshika sahani yake.

Lakini kiangazi kikaja na vumbi letu,
lile linaloingia hata kwenye yai.
Maguta mekundu yakaanza kusaga meno.
La Ndahani halikusaga: beringi zake kazivika
ngozi ya mbuzi iliyolala kwenye mafuta ya alizeti.
Sasa wenye mekundu wanapanga foleni kwake
wavalishiwe ngozi, na wakisubiri
anawachungulia milango.

Jana kaja dukani na kipande cha bati,
anatafuta bawaba. "Nzuri," akasema,
"iliyo nzuri kuliko ya kwao."
Nikampa ya chuma kizito, ya kutoka nje.
Akaipima mkononi, akauliza bei, akaguna.

Nikamtolea mia tano, iliyokuwa yangu.
Ile ya bandari siwezi kuitoa.