Mgongo wa Fisi-maji

Zilifika Jumatatu kwa gari la Budějovice,
shiti kumi, hamsini hamsini,
zimelazwa kati ya karatasi za nta.
Nikazihesabu mara mbili, kanuni ni kanuni.
Fisi-maji mia tano,
kila mmoja na samaki wake mdomoni,
na pembeni, kwa herufi zinazodai miwani:
HIFADHI YA MAUMBILE NI YA MATAIFA YOTE.
Koruna sita.

Aliyemchonga ni Zbyněk Hladík, simjui.
Kijikaratasi cha maelezo kilisema miezi minne
alimkwaruza kwenye bamba la chuma, kinyumenyume,
kioo mbele yake, unywele kwa unywele,
ili mtambo ukimgeuza aelekee kulia, mtoni.
Miezi minne! Baba yangu alimmaliza wa kwake
kwa mtego mmoja, asubuhi moja ya Januari,
na kofia ile ilining'inia nyuma ya mlango wetu
hadi nondo wakaila.
Utotoni niliipapasa gizani
nikienda kukojoa. Nilidhani ni paka.

Hapa Třeboň tunakula kwa mabwawa.
Karpi ndiye ada ya shule, ndiye paa jipya,
ndiye meza ya mkesha wa Noeli,
na gamba lake moja hutiwa katika pochi
fedha isikauke mwaka mzima.
Basi usiniulize kama fisi-maji anapendwa.

Jumatano akaingia Bořivoj Kalina,
viatu vya mpira hadi mapajani, vikimwaga tope
kwenye sakafu niliyokwisha kuipiga deki.
Barua mkononi, ya Wizara, Praha,
nene kama mkate. Kilichomo nakijua, mji mzima unakijua:
karpi mia na arobaini, wameliwa koromeo tu,
wakaachwa juu ya barafu wanatazama mbingu.
Anataka fidia. Au ruhusa ya bunduki.
"Stempu," akasema.
Nikachana moja, taratibu, kwenye vitobo.

Akaitazama.
Akaigeuza, kana kwamba nyuma pameandikwa radhi.
"Huna nyingine?"
Nyingine nilikuwa nayo: ngome, ya kijivu, droo ya chini.
Nikasema sina.
Mungu anisamehe, na mkuu wa posta pia.

Mkono mtupu haulambwi, watu husema.
Na mgongo wa mwizi wako, je?
Kalina akatoa ulimi, ulimi ule mpana uliotukana
kila mto kutoka hapa hadi Veselí,
akamlamba fisi-maji kuanzia mkia mpaka shingo,
polepole, kama mnyama amlambavyo mwanawe,
akambandika juu ya jina la Waziri,
akambonyeza kwa dole gumba.
Kimya.
Kisha: "Masharubu kayapatia, huyu mchongaji.
Ndivyo yalivyo. Akiibuka yana matone saba upande mmoja.
Nimeyahesabu."

Ameyahesabu!
Ni mikesha mingapi umekaa ukingoni, Bořivoj,
na bunduki ya kuazima ambayo hukuifyatua?

Sikumuuliza. Nyuma yake palikuwa na foleni,
na Bi Hedvika alishaanza kukohoa kwa makusudi.
Akanunua ya pili. Barua ya pili hakuwa nayo.
Akaisukuma ndani ya pochi, pale penye gamba,
viwili hivyo vikalala pamoja,
mlaji na mliwa,
karibu upana mmoja.

Alipotoka nikachukua muhuri.
Kanuni yasema: katikati, tarehe isomeke.
Miaka ishirini na sita sijakosea.
Nikaugonga pembeni, kwenye bei,
wino ukagusa maji tu,
shingo ikabaki wazi
ipumue hadi Praha.

Halafu nikapiga deki tena.
Tope lilinuka samaki.