Nusu Ukurasa

Kikao cha siku tatu, Kizingo tumekutana,
Meza moja, tisa watu, na chupa zimepangana,
Ajenda: jirani yetu, miaka twachukiana,
Mimi kazi kuandika, kusema sina ruhusa.

Balozi amefungua, Mwachofi, kwa kukohoa:
“Njia tatu mwazijua, ya nne nimeitoa:
Kubana, ama kuua, ama kwenda kuongoa,
Na wakubwa wanataka jibu nusu ukurasa.”

Kanali Guyo kanena, ramani ameikunja:
“Ahadi tulipeana, na zote wakazivunja,
Walinzi wangu vijana, usiku waliwachinja,
Majina nayakumbuka, siwezi kuyapangusa.”

Bi Umazi wa ushuru, kacheka bila furaha:
“Vikwazo mliamuru, mwasema ndiyo silaha,
Saruji yao i huru, yapita kwetu kwa raha,
Jina wamelibandika la nchi nyingine sasa.

Gongeni ukuta huu, mwauegemea nyuma,
Tangu chini hadi juu, saruji yao yasema,
Na kwao hao wakuu, wanywa yetu chai njema.”
Kanali akatamka: “Ukuta hauna kosa.”

Nami kwa kazi ya chini, nikafungua faili,
La miaka ya sabini, taipu, herufi kali,
Nikasoma kwa makini: “Tuwabane mara mbili,
Mwaka hautakatika, wataanguka kabisa.”

Likafuata la pili, maneno ni yaleyale,
La tatu nalo ni hili, vituo ni vilevile,
Wenye sahihi za kweli, wengi wamelala kule.
Mwaka haujakatika, tungali ndaniye sasa.

Na mimi sikuwambia, ninaye mtu wa kwetu,
Shekue, ni baharia, mdogo wa baba yetu,
Kwao walimzuia, jela yenye giza, kutu,
Akahesabu miaka, moja moja, hadi tisa.

Aliporudi nyumbani, hakutoa la matusi,
Hupika supu jikoni, ya kwao, kunde nyeusi,
Alimpa gerezani bawabu wa Alhamisi.
Mlango ukifungika, huenda kuupapasa.

Kura za kubana nne, kwenda nne, zikakwisha,
Ya vita wapi nione! Kanali ameishusha.
Wakasema, “Na tuone, mwandishi atatuvusha,
Kalamu umeishika, ulimi leo ruhusa.”

Nikamtazama Guyo, naye macho kainama,
Si mchezo mambo hayo, wafu hawana huruma,
Kunde zile, supu hiyo, kooni zikanikwama,
Neno moja likatoka, dogo, kama lenye kosa:

“Mtu mmoja aende, yale majina abebe,
Awasomee, wapende, wasipende, wasizibe,
Ndipo saruji na kunde, tuziuze, tusiibe.”
Na hilo nikaandika, mkono ukinitesa.

Balozi, miwani chini, kasoma, kisha kangoja,
Guyo kasema, “Kwa nini kunde? Hatujazitaja.”
Na nje, huko Kilindini, magunia mojamoja
Yalikuwa yakishuka. Ukuta nikaugusa.