Neno la Kwanza la Mstari

Sanduku la Acidri lilikuja ndani ya flashi
iliyofungwa kwa mpira wa chupa ya dawa.
Faili moja tu. Miaka kumi na minne ya barua
zimelala mzungu wa nne, mguu wa hii
kwenye utosi wa ile. Hakuna bahasha, hakuna ukuta,
ila neno From mwanzo wa mstari
na nafasi moja mbele yake.
Hapo ndipo barua inapozaliwa.
Kompyuta haina ushahidi mwingine.

Alikuwa karani wa ushirika wa tumbaku.
Binti yake, Ayikoru, alisimama mlangoni mwangu,
juu ya duka la vipuri, barabara ya Rhino Camp.
Hakukaa.
"Zitenganishe, kila moja na faili lake.
Na hii," akaandika tarehe kwenye risiti ya mafuta,
"hii iondoe. Usiisome."
Nikamwambia: mimi sisomi. Mimi nahesabu.

Mistari ishirini ya msimbo.
Fungua faili. Tia kufuli, asije mwingine
akaandika huku mimi nachambua.
Anza na sifuri. Nani, lini, kuhusu nini.
Zikaanza kushuka kwenye kioo:
bei ya mbolea, bei ya mbolea, mazishi Ediofe,
lori limekwama Pakwach, bei ya mbolea,
picha ya mtoto aliyezaliwa Kuluva
imegeuzwa herufi,
kurasa arobaini za herufi zisizotamkika.

Umeme ukakatika. Nikala chapati na mayai gizani.
Ukarudi.

Jumla: elfu nne mia tatu na kumi na mbili.
Lakini moja haikuwa na mtu.
Haina mtumaji, haina tarehe, haina kichwa,
kiwiliwili tu.
Nikajua: hii si barua, ni nusu ya barua.
Kuna aliyeanza mstari na neno lile,
kama tuzungumzavyo Arua, Kiingereza mguu mmoja,
Kiswahili cha Oli mguu wa pili,
na programu ya zamani ikasahau kuweka kimshale
cha kusema: hili ni neno, si mlango.

Huwezi kuunga usipotazama palipokatika.
Nikatazama.

From leo mimi si mtoto wako.

Mashine ilimwamini.
Ilimkata pale pale, ikamfungulia ukurasa wake,
nambari yake, mtu asiye na baba.

Nikaweka kimshale. Nusu zikashikana.
Na juu, kwenye vichwa vya barua, nikakuta herufi
aliyoiacha Acidri mwenyewe: D.
Alama ya kufuta. Miaka tisa ipo pale.
Lakini katika sanduku la namna hii alama haifuti.
Barua haitoki peke yake. Ukitaka kutoa moja
uziandike upya zote zilizobaki, toka ya kwanza,
uiruke ile,
kisha faili jipya likalie kiti cha la zamani.
Labda umeme ulimkatikia.
Labda kuweka alama kulimtosha.

Jumamosi akaja. "Imetoka?"
Nilikuwa nimeahidi kutosoma, na habari ninayo.
Nikamgeuzia kioo, nikaweka kidole chini ya D.
"Nini hiyo?"
Nikamweleza. Nani aliiweka, nikamweleza.

Akavuta kiti cha plastiki, akakaa.
Chini, fundi alikuwa anagonga rimu ya pikipiki,
akaacha, akagonga tena.
"Andika," akasema.

Nikabonyeza. Bei ya mbolea ikaandikwa upya,
mazishi, lori, mbolea, mtoto wa Kuluva
herufi kwa herufi, dakika moja na ushei,
sote wawili tunatazama namba
kama wenye kungoja maji yachemke.
Elfu nne mia tatu na kumi.
Nikatoa kufuli.

Nilisema elfu ishirini. Akatoa thelathini,
hakungoja chenji, akaifunga flashi
kwa mpira ule ule, mizunguko mitatu.
Risiti aliisahau mezani.
Tarehe bado iko juu yake, kwa mwandiko wake,
na lita nne za petroli.