Tone la Goti la Kulia

Hapa Bergen mvua haina majira, ina zamu,
kama wauguzi: mmoja akivua koti
mwenzake keshasaini daftari.
Na bado Baba, mzaliwa wa hapa hapa,
mtu aliyekuwa akijua,
alinunua gari jekundu la viti viwili
lenye paa la kubandua kama kifuniko cha sufuria.

Tone lilikuwa na anwani yake.
Liliruka kioo, likaruka dashibodi,
likatua kwenye goti la kulia la Mama
kila gari lilipokata kona ya Sandviken.
Aliyesema chururu si ndo ndo ndo
hakuwahi kukalia kiti kile:
ndo,
ndo,
miaka thelathini na mmoja,
na taulo la njano limekunjwa mara nne.
Mama alipoondoka, kiti kikawa changu.
Tone halikuuliza nani amekaa.

Jumamosi hii nimeamua.
Baba yuko juu ya kreti, kikombe mkononi.
Mikono yake siku hizi hutikisa kahawa bila kuombwa,
kwa hiyo mdomo wake ndio fundi, mimi kibarua.
"Anza kwenye pembe." Naanza.
Mpira wa zamani unatoka vipande vipande,
mkavu kama ganda la chungwa lililosahauliwa dirishani,
na chini yake gundi imeshika kama ukoko.
Nakwangua kwa kijiko cha plastiki, rangi isichubuke,
nafuta kwa spiriti, nakwangua tena.
Gereji inanuka hospitali.

Na hapo, kwenye pembe ya kulia, nauona:
mwanya, upana wa kidole cha mwisho.
Mpira haukuchakaa pale. Ulirudi nyuma.
Mpira ukivutwa hukubali,
hukubali kabisa, siku ile gundi ikiwa mbichi,
kisha usiku baada ya usiku
huurudia urefu wake.

"Uliuvuta," nasema.
Baba anatazama kahawa.
"Kopo la biskuti. Rafu ya juu."
Ndani mna skrubu, fyuzi tatu,
na kipande cha mpira, sentimita tisa,
alichokikata mwaka wa themanini na saba
akafurahi kwamba kimebaki.

Ulijua?
"Tangu mvua ya kwanza."
Na hukurekebisha?
"Mama yako alikataa. Alisema tone hili
tunajua linakoishi. Ukilifukuza
litahamia tusikokujua."

Simjibu. Gundi ikishapakwa
hainipi zaidi ya dakika kumi.
Mpira mpya naulaza kuanzia katikati,
nausukuma, nausukuma kuelekea pembeni,
hadi unakuwa mrefu kuliko nafasi yake,
umetuna penye kona
kama shavu la mtoto aliyenyimwa.
"Uache hivyo hivyo," Baba anasema,
na mara hii sauti yake si ya fundi.
Napaka poda. Nafungia risiti ya duka la samaki
chini ya paa, naivuta: inachanika. Vema.
Namwaga ndoo tatu juu yake.
Ndani, kukavu.

Jioni tunatoka. Inanyesha, nini kingine.
Mimi kwenye usukani, Baba kwenye kiti kile,
taulo la njano juu ya goti lake;
sikuwa na moyo wa kumwambia aliache.
Kona ya Sandviken inakuja. Inapita.
Anaangalia suruali yake kavu
kama mtu aliyewahi stesheni
na treni imefutwa.

Halafu, karibu na taa za bandarini,
kitu baridi kinanigusa nyuma ya sikio.
Nanyamaza. Nageuza shingo kidogo.
Ndo.

Baba ameshaanza kulikunjua taulo.
Ananipa.