Ukaguzi wa Handaki

Bodaboda zilituacha pale njia ilipomezwa na mafunjo.
Kuanzia hapa ni miguu, akasema Katureebe,
kijana mwenye buti za mpira na panga lisilo na mpini,
kitambaa tu kimezungushiwa chuma.
Binti yangu Ayikoru, mwalimu wa historia,
alibeba ramani, chupa mbili za maji na maneno mengi.
Mimi nilibeba mgongo.

Nilimsalimu kijana kwa Kiswahili, lugha niliyobaki nayo
baada ya miaka ishirini na miwili ya kambi.
Akanyooka. "Ndiyo, afande."
Kisha, tulipokwisha kutembea kidogo:
"Bibi yangu akisikia lugha hii huzima taa."
Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyotaja
kwamba jana mvua ilinyesha.
Nilinyamaza mpaka kwenye siafu.

Walikuwa wamekata njia kwa mstari mweusi,
askari wao pembeni, taya wazi,
wachukuzi katikati na mayai meupe kichwani.
Tuliruka mmoja mmoja. Ayikoru aliruka vibaya,
akavua kiatu, akacheza ngoma isiyo na jina.
Hapo kijana akacheka, nami nikacheka,
na msitu ukatulegezea kidogo.

Hondohondo alipita juu, mabawa yakihema.
Chini ya miti jua lilibaki chenji tu.

Ghafla ardhi ikazama.
"Bigo," akasema Katureebe.
Nilitarajia ukuta. Nilitarajia walau jiwe moja lililosimama.
Kumbe ni mtaro, mrefu, unapinda na kupotea,
umejaa majani makavu, umeota miti tumboni.
Ayikoru akaanza: karne kadhaa zilizopita,
wengine husema Wachwezi, walioondoka bila kuaga,
wengine husema wenye ng'ombe tu, wenye zizi kubwa.

Nilishuka. Waliniambia nisishuke.
Nikaweka kiganja pale mvua ilipoosha udongo
na mwamba ukatoa meno.
Hii si kazi ya sepetu. Hapa chuma kiligonga
na mtetemo ukarudi mpaka kwenye gego.
Naujua. Niliuchimba usiku, nje ya mji nisioutaja,
futi sita kwenda chini, mbalamwezi ikiwa adui,
Koplo Onzima akihesabu kwa kunong'ona.
Onzima alibaki humo humo. Tulifukia tulichochimba.
Siku hizi pana maharage, nimeambiwa,
na yanazaa vizuri.

"Baba, unaona nini?"

Nikamwonyesha: udongo wote ulitupwa upande mmoja.
Hapa ukuta umelegea, mtu alichoka,
au jua lilikuwa usoni.
Hapa pana kona isiyo na sababu:
labda walikwepa jiwe, labda msimamizi
alikuwa amekwenda kunywa maziwa.
Ayikoru akaandika. Ni mara ya kwanza
binti yangu kuandika jambo nililosema.

Nilichotaka kujua mimi hakikuwa kwenye ramani:
waliambiwa ni la nini?
Au waliambiwa chimba, basi?

Kupanda kulinishinda. Goti liligoma, kama lilivyo haki yake.
Katureebe akalala kifudifudi ukingoni,
akashusha mkono wenye harufu ya moshi na samli.
"Kamata, mzee."
Si afande. Mzee.
Nikakamata.

Kwenye kibanda cha kuingilia palikuwa na daftari
lenye madoa ya chai: jina, utokako, sababu ya kuja.
Mgeni wa juu yangu aliandika "mapumziko".
Ayikoru akaandika "utafiti", kwa mwandiko wa ubaoni.
Mimi nilishika kalamu muda mrefu, kijana akisubiri
kufunga mlango usio na kufuli.

Nikaandika: ukaguzi wa handaki.
Nikafikiri tena, nikaongeza chini yake,
kwa herufi kubwa, kama tulivyofundishwa:
KAZI IMEPITA. WACHIMBAJI WAPUMZIKE.