Mistari Saba ya Mama Friza

Ukumbi tuliokodi Kaloleni ulikuwa bado na harusi ya Jumamosi:
utepe wa zambarau madirishani,
punje za mchele sakafuni, puto moja
lililokataa kufa.
Tukapanga meza, feni, orodha ya majina thelathini na mawili.
Kazi yangu ilikuwa kuwa Inspekta,
yaani kumsomea kila mmoja maneno ya mtu mwingine
kwa sauti isiyomsaidia wala kumzuia.

Hadithi yenyewe, kwa asiyeijua:
mkopeshaji wa riba amekufa Kondele,
amelazwa ndani ya friza chini ya mbuta,
na jirani, asiye na hatia wala haraka,
amekuja kuinunua friza.
Mistari saba tu. Kisha anadai risiti.
Watu wacheke, alisema Osewe mwongozaji,
lakini wacheke kama aliyekanyaga kitu gizani.

Wa kwanza alilia. Hatukumwambia alie.
Wa pili alisoma kama taarifa ya habari ya saa moja jioni.
Wa tatu alikuja na wigi mbili na mume,
mume akaketi mbele, akitikisa kichwa
kila nilipomkaribia mkewe,
na walipomaliza wakabaki kungoja majibu.
Mmoja, jina nimelisahau na halikustahili kusahauliwa,
aliikodolea macho friza (kreti tatu za soda na kitambaa)
mpaka kitambaa kikaona haya.
Wote walijua kuna maiti.
Hapo ndipo walipokosea: Mama Friza hajui.
Au anajua, na bei ni nzuri.
Osewe mwenyewe hakuwa ameamua.

Saa saba na dakika kumi, jua limekalia bati,
akaingia Nereah Apondi, hayumo orodhani,
sare ya kijani chini ya sweta, katika joto lile,
pochi kwapani.
"Nina nusu saa. Nisimame wapi?"
Akausoma ukurasa mara moja,
midomo ikitembea, kama mtu anayehakiki hesabu.
"Stima hukatika?"
"Wapi?"
"Hapo Kondele. Kwenye hadithi. Siku tatu, na stima haikukatika?"
Tukatazamana. Miezi minane ya kuandika,
na hakuna aliyekuwa amekata stima.

Nikasoma: Mama, unajua kilichomo ndani?
Hakunitazama. Akaweka kiganja juu ya kitambaa
jinsi unavyopima homa ya mtoto wa mwenzio,
akakiacha hapo.
"Samaki," akasema.
Akangoja.
"Mmoja mkubwa."

Kwenye karatasi palikuwa na neno moja. Yale mawili aliyaleta yeye.
Mimi Inspekta nikapoteza mahali pangu.
Kitu kilinipanda kooni, nikadhani kicheko,
lakini kilikuwa baridi.
Nikajikuta nikisema, "Asante, mama,"
maneno ambayo Inspekta hana popote.
Yule mume wa wigi mbili
alikuwa ameacha kutikisa kichwa.

"Unafanya kazi wapi?" Osewe akauliza, polepole.
"Mochari. Dirishani, pa kulipia."
Akaondoa kiganja, akakipangusa kwenye sare kwa mazoea.
"Watu huomba kupunguziwa.
Juzi mmoja aliniuliza kama usiku nao tunauhesabu,
maana marehemu, hata akiwa hai,
usiku hakuwa mtu wa kupatikana."
Yeye hakucheka. Sisi tulicheka,
tukaacha, tukaangalia viatu vyetu.

Nikaandika jina lake chini ya yale thelathini na mawili;
kalamu ikagoma, nikalipitia tena.
Osewe akamsomea ratiba: Alhamisi mazoezi, Ijumaa kamera.
"Ijumaa hapana," akasema, tayari yuko mlangoni.
"Ijumaa tunatoa miili. Foleni hufika getini."

Osewe akaifuta Ijumaa.
Kisha akarudi ukurasa wa tisa,
akaandika pembeni, kwa herufi ndogo:
stima inakatika.